Kabla ya kuambiwa 'hedi imeenda', jifunze kufungua pampu ya maji

Kuna taa nyekundu kwenye dashibodi ya gari lako ambayo unaomba Mungu usiione ikiwaka. Si ile ya mafuta. Hiyo vijana tumeizoea, tunaendesha nayo hadi mwisho wa mwezi. Nazungumzia ile yenye picha ya kipimajoto kilichotumbukizwa majini. Mimi niliiona Jumamosi moja saa nane mchana, nikipanda kutoka Sagana kuja Karatina, nikiwa na trei 40 za mayai kwenye buti na viti vya nyuma.

Piga hesabu nami. Trei 40 ni mayai 1,200. Wateja wangu wa Nyeri mjini walikuwa wakingoja. Vitz lenyewe nililinunua kwa mkopo wa chama ambao bado naulipa.

Nilisimama kando ya barabara, moshi mweupe ukitoka chini ya boneti. Kijana wa bodaboda akaja mbio na mtungi wa maji, akataka kufungua mfuniko wa rejeta papo hapo. Mama aliyekuwa akiuza ndizi akampigia kelele: "Wachana na hiyo kitu, kijana! Itakuchoma uso!" Alikuwa sahihi, na huenda ndiye aliyeyaokoa macho ya yule kijana siku hiyo.

Kisha akafika fundi aliyeitwa na mtu, hata sijui ni nani. Akachungulia kama dakika mbili hivi. Akapangusa mikono. "Madam, hedi imeenda. Hapo weka kama elfu arobaini na tano. Mwenye gari tunaweza kumpigia?"

"Mwenye gari ni mimi."

"Sawa. Basi pigia mzee."

Nakwambia ukweli, nilikuwa karibu kukubali. Nilikuwa tayari nimeshika simu kutafuta nani atanikopesha. Sikuwa na swali hata moja la kumuuliza fundi yule, kwa sababu sikujua swali lenyewe ni lipi. Hedi ni nini? Imeendaje? Umejuaje bila kufungua kitu? Hayo maswali nimeyajua baadaye.

Kilichoniokoa ni binamu yangu mwenye pikapu, aliyekuja kunivuta hadi nyumbani Nyeri. Asubuhi yake jirani yetu, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi na sote kwenye ploti tunamwita Guka, akaja na tochi. Hakugusa spana. Alimulika tu upande wa belti, akaniita: "Mami, njoo uone." Kulikuwa na mstari wa ukoko wa rangi ya waridi, kama chumvi iliyokauka, ukishuka kutoka kwenye kidude cha mviringo nyuma ya puli. Akaishika puli na kuitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Hii ni pampu ya maji. Imevuja polepole hadi maji yakaisha. Hedi tutajua tukishajaza, lakini ulisimama mapema, kwa hivyo tusilie kabla ya msiba."

Hedi ilikuwa nzima. Pampu mpya ilinigharimu shilingi 3,800, koolanti 1,900 na belti 1,200. Jumla ni shilingi 6,900, na Jumapili moja ya jasho uani. Toa hiyo kutoka kwa 45,000 uone ni trei ngapi za mayai.

Basi hoja yangu ni hii, na najua kuna watakaonicheka: kijana yeyote wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru mwenye gari la mtumba anafaa, angalau mara moja maishani, kubadilisha pampu ya maji kwa mikono yake mwenyewe. Sisemi uwe makanika. Sisemi usimlipe fundi. Nasema uifanye mara moja ili siku nyingine mtu akikuambia "hedi imeenda", uwe na swali la kumuuliza.

Kwa nini pampu ya maji, na si breki au gia? Kwa sababu huku kwetu ndiyo inayoua injini kimyakimya, na kwa sababu kwa magari mengi tunayoendesha ni kazi ambayo mtu wa kawaida anaiweza.

Tuanze na kazi yake. Injini inachoma mafuta, na sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo haiendi kwenye magurudumu. Inageuka kuwa joto. Maji yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto hilo hadi kwenye rejeta, upepo unayapoza, yanarudi. Kinachoyazungusha ni pampu, yaani kipanga kidogo kinachozungushwa na belti. Ndani kuna beringi ya kukifanya kizunguke vizuri na sili ya kuzuia maji yasitoke. Sili ikichoka, maji hutokea kwenye kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na watengenezaji ili kikuonye. Kile kitundu kikianza kulia machozi, pampu inakuaga. Wengi wetu hatukioni kwa sababu boneti tunaifungua tu tukienda kuosha gari.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi wa Mombasa huenda asikuambie, kwa sababu halimhusu sana. Ukichemsha maji ya chai pwani, yanachemka kwa nyuzi 100. Nyeri mjini tuko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Nanyuki, palipo juu zaidi, huchemka mapema hata zaidi. Ndiyo maana maharagwe ya huku hukaa motoni hadi ukate tamaa. Injini yako, ikiwa katika hali yake ya kawaida ya kazi, hukaa karibu na nyuzi 90. Umeona pengo lilivyo dogo? Nyuzi nne!

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Unafungia shinikizo ndani, na maji yaliyofungiwa chini ya shinikizo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ndiyo maana yule mama wa ndizi alipiga kelele. Ukifungua mfuniko injini ikiwa moto, shinikizo linatoka ghafla, na maji yenye joto kuliko chai yoyote uliyowahi kunywa yanageuka mvuke usoni pako. Na ndiyo maana pampu inayovuja ni hatari zaidi kwetu wa mlimani. Mahali palipo na tundu hapashiki shinikizo. Ongeza mlima wa kutoka Sagana, mita mia tano na zaidi za kupanda hadi huku juu, gari limebeba mizigo, umeweka gia kubwa kwa sababu barabara mpya ya Kenol–Sagana–Marua inakudanganya kwamba ni tambarare. Injini inapika.

Halafu kuna hili la maji ya bomba. Nimesikia mara nyingi: "Koolanti ni ya nchi za theluji. Huku hatuna barafu, weka tu maji." Msemo huo umeharibu pampu nyingi sana. Ni kweli koolanti huzuia maji yasigande, na huku barafu iko kileleni tu. Lakini hiyo ni nusu ya kazi yake. Koolanti ina dawa ya kuzuia kutu na hulinda ile sili ya pampu. Maji matupu, hata yakiwa masafi moja kwa moja kutoka Mlima Kenya, hayana dawa hiyo. Baada ya muda yanakuwa na rangi ya uji wa wimbi, yanaziba rejeta na kula kipanga cha pampu. Dharura barabarani ni sawa, weka maji ufike nyumbani. Lakini usiyaache humo mwaka mzima.

Sasa kazi yenyewe. Sitakupa kila hatua kwa sababu magari hutofautiana, na kitabu cha gari lako kinajua kuliko mimi. Lakini nataka uone kwamba si uchawi.

Kwanza ujue injini yako. Magari mengi madogo ya Toyota tunayoyaona huku, Vitz, Probox, Fielder za miaka ya nyuma, yana injini ya 1NZ. Hiyo hutumia mnyororo kwa taimingi, na pampu iko nje, inazungushwa na belti ya kawaida. Unaweza kuibadilisha bila kugusa taimingi. Lakini ukiwa na Subaru ya injini ya EJ, na najua vijana wa huku mnavyozipenda, weka spana chini. Pampu ya EJ huzungushwa na belti ya taimingi yenyewe. Ukirudisha belti hiyo na alama zimepishana, vali na pistoni zinaweza kugongana, na hapo ndipo utajua maana halisi ya "hedi imeenda". Hiyo mpelekee fundi mwenye uzoefu, na umlipe bila kunung'unika.

Pili, gari lipoe. Si nusu saa. Sisi tulingoja usiku kucha. Toa waya hasi wa betri. Ukilazimika kuinua gari, weka mawe nyuma ya magurudumu na stendi imara chini ya chesi. Usiingie hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Guka alinikataza mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Tatu, weka beseni chini, fungua rejeta kwa chini, maji yatoke. Legeza belti, ifungue puli, kisha fungua bolti na nati za pampu. Nyingi ni za spana namba 10, na kwenye baadhi ya magari utatoa alteneta kwanza ili upate nafasi. Nafasi ni finyu, hilo sikufichi. Nilichuna vidole viwili na kutukana kimoyomoyo. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Panga bolti kwenye katoni kwa mpangilio uliozitoa. Mimi nilitumia trei tupu la mayai, na sasa nashangaa kwa nini kila gereji haina moja.

Nne, safisha mahali pampu inapokaa. Injini hii ni ya aluminiamu, ni laini, kwa hivyo usikwangue kwa tindo kama unaondoa rangi ukutani. Weka gasketi mpya. Usijaze silikoni kila mahali. Inayobaki ndani hukatika na kuzurura kwenye mabomba. Kaza bolti kidogokidogo kwa kupishana, usimalize moja kabla ya nyingine. Usikaze kwa hasira pia. Bolti hizo ni ndogo, na nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko unavyodhani.

Tano ni hatua niliyoikosea. Nilijaza koolanti haraka, nikafunga, nikawasha, nikatoka kwenda kujionyesha barabarani. Sikufika mbali. Karibu na King'ong'o hita ikaanza kupuliza baridi, na dakika chache baadaye ile taa nyekundu ikarudi. Moyo ulianguka. Kumbe kulikuwa na hewa ndani. Hewa ikijikunja kwenye kona ya injini, maji hayapiti, na pampu mpya inazungusha bure. Dawa yake ni subira. Unajaza polepole, unaminyaminya mipira ya maji ili hewa ipande, unafunga mfuniko, unawasha hita hadi mwisho, unaacha injini ipate joto, unazima, unangoja ipoe kabisa, unajaza tena palipopungua. Mimi nilirudia mara mbili. Gari dogo huchukua karibu lita 5. Ukiona limekubali lita 3 tu, hesabu yako haijatimia.

Nakueleza kosa hilo kwa sababu wanaotufundisha mtandaoni hulificha. Video inakatwa, gari linawaka, muziki unaingia. Wewe ukikosea unadhani una mikono mibovu. Huna. Hata makanika wako alijifunza kwa gari la mtu.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye pingamizi ninalolisikia zaidi: "Kwa hivyo unataka mafundi wetu wafe njaa?"

Swali hilo nalichukua kwa uzito. Jua kali ndiyo inalisha familia nyingi huku kwetu. Nina binamu wawili walio gereji. Lakini tujiulize fundi mzuri anaumizwa na nani. Haumizwi na mimi niliyebadilisha pampu moja. Anaumizwa na yule anayekisia "hedi" ndani ya dakika mbili, kwa sababu kesho yake mteja aliyegongwa haamini fundi yeyote. Anaumizwa na mteja asiyejua lolote, anayetaka bei ya chini kabisa, anayemlazimisha kuweka pampu feki ya shilingi 1,500, kisha ikivunjika anamtukana kwenye WhatsApp ya chama.

Tangu Jumapili ile nina fundi wangu. Si yule wa barabarani. Nilipompelekea gari kwa kazi ya shoki nilimuuliza maswali manne. Alitabasamu, akanijibu yote, kisha akanionyesha shoki ya zamani na mpya zikiwa pamoja mezani. Akaniambia: "Mteja akijua kitu, mimi pia nafanya kazi bila kuogopa. Yule asiyejua ndiye ananisumbua. Hata nikimwambia ukweli anadhani namla." Bei aliyonitajia sikuiteta hata shilingi. Nilijua saa alizotumia na vidole alivyochuna.

Kwa kina dada nina neno la ziada. Unajua lile swali, "Mwenye gari yuko wapi?" Tunaulizwa tukiwa tumeshika funguo mkononi. Nimejaribu kulijibu kwa hasira, nimejaribu kwa mzaha. Jibu lililofanya kazi ni kusema, "Ukitikisa puli ya pampu inacheza? Koolanti inatokea wapi?" Ghafla mwenye gari anaonekana. Nakiri si haki kwamba lazima tujue zaidi ili tuheshimiwe sawa. Lakini kati ya kungoja dunia ibadilike na kujua gari langu, moja naliweza wikendi hii.

Pingamizi la pili ni la landilodi. Ploti nyingi zimebandika karatasi getini: hakuna kutengeneza magari ndani. Kusema kweli, nawaelewa. Mafuta yaliyomwagika uani hayatoki. Na koolanti ni mbaya kuliko mafuta, kwa sababu ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa akiilamba anakufa; mtoto akionja ni hospitali mbio. Kwa hivyo ukifanya kazi hii, beseni lisiachwe hata dakika moja bila mtu, na ile ya zamani ifungwe kwenye mtungi wenye kifuniko, uandikwe SUMU kwa herufi kubwa, upelekwe gereji inayokusanya taka zake. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro ya mji huu inaelekea mtoni, na kuna ng'ombe na watu wanaokunywa maji ya Chania huko chini. Nenda kwa keyateka kwanza, muombe saa nne za Jumapili, tandika karatasi ya nailoni, usafishe ukimaliza. Mimi nilikubaliwa. Nilimpa trei moja ya mayai, sikatai.

Sasa niseme na wakubwa kidogo. Mwaka wa 1972, wakulima wa kahawa na wakazi wa Nyeri walichanga kwa harambee, ikaanzishwa Kimathi Institute of Technology. Taasisi hiyo ndiyo leo inaitwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iliyopata hati ya chuo kikuu mwaka wa 2012. Fikiria vizuri: wakulima walikubali kukatwa pesa za kahawa ili watoto wao wajue kutumia mikono. Kisha tukakua, tukapata digrii, tukanunua magari, na tukasahau hata pa kutazama maji ya rejeta.

Ombi langu kwa chuo hicho, kwa Nyeri National Polytechnic, na kwa vyuo vya ufundi kutoka Othaya hadi Nanyuki, ni dogo. Tufungulieni karakana zenu Jumamosi moja kwa mwezi. Si kozi ya miaka miwili, si cheti. Saa nne tu kwa wenye magari: leo mfumo wa maji, mwezi ujao breki, unaofuata taa na betri. Tutalipa kiingilio. Walimu wawe mafundi wa jua kali walioiva, na walipwe vizuri siku hiyo, kwa sababu wana ujuzi ambao wengi wetu wenye shahada hatuna. Wanafunzi wenu watajifunza kueleza kazi yao kwa mteja, jambo ambalo katika gereji lina thamani sawa na kushika spana.

Na huku tukingoja, wewe usingoje. Usiku huu, gari likiwa limepoa kabisa, fungua boneti. Tafuta kile kitenki cheupe cha plastiki chenye alama mbili, ya chini na ya juu. Maji yako wapi? Yana rangi gani? Kisha mulika upande wa belti utafute ukoko, wa waridi, wa kijani au mweupe. Gari likizimwa, shika puli ya pampu uitikise. Vuta kijiti cha oili uone kama ni nyeusi ya kawaida au imekuwa kama chai ya maziwa, maana hiyo ya maziwa ndiyo dalili ya kweli kwamba maji na oili vimekutana na huenda hedi ina shida. Gari lako likiwa halina mshale wa joto, kama haya ya Toyota yenye taa ya buluu na nyekundu tu, jua kwamba nyekundu si onyo la kukufikisha nyumbani. Ni amri ya kusimama. Washa hita kama uko katikati ya msongamano na huwezi kusimama mara moja, sogea kando, zima injini, ungoje. Maji baridi usiyamwage juu ya injini iliyo moto; chuma kikipoa ghafla hupasuka.

Ukaguzi huo wote hauchukui dakika kumi na haukugharimu hata shilingi. Ukiona ukoko, una wiki au siku kadhaa za kutafuta pampu nzuri. Nenda dukani na namba ya chesi, uliza bei maduka matatu, izungushe puli kwa mkono kabla ya kulipa, ukisikia inakwaruza irudishe. Kisha tafuta Guka wako. Kila ploti ina mmoja, mstaafu anayejua na anayengoja tu mtu amuulize.

Nilipomaliza Jumapili ile nilikuwa mweusi hadi kwenye viwiko. Guka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki muda wote, hakushika spana hata mara moja. Nilimuuliza mbona hakunisaidia, angemaliza kwa saa moja. Akanijibu: "Ningekusaidia, ungeniita tena mwaka ujao."

Trei 40 za mayai? Tatu zilivunjika wakati wa kuvutwa. Zilizobaki nilizipeleka Jumatatu asubuhi, kwa gari lile lile, bila taa nyekundu.